Uzi maalumu: Ukuta wa Hadrian na ngome zake – namna ya kufika, cha kuangalia, na makosa yanayowapotezea watu siku

#1 Kokoto

Wakuu, kila magofu ya Kirumi ya Uingereza yanapotajwa humu, majibu huwa ni yale yale: nenda Housesteads (ngome maarufu ya ukutani), piga picha, rudi. Mtu anatumia nauli ya maana, anasimama mbele ya mawe yanayomfika magotini, anauliza "ndiyo hii tu?" Hajadanganywa. Amekosa kuambiwa anaangalia nini. Tuliweke sawa hapa, kila mwenye utaalamu wake atie neno.

Ukuta ulianza kujengwa mwaka 122, Kaizari Hadrian alipofika Uingereza, chini ya gavana Aulus Platorius Nepos. Waliojenga ni askari wa lejioni (majeshi makubwa ya Kirumi) tatu: ya II Augusta, ya VI Victrix na ya XX Valeria Victrix. Urefu ni maili 80 za Kirumi, karibu kilomita 118, kutoka Wallsend mtoni Tyne hadi Bowness-on-Solway magharibi. Na tafadhali, huu si mpaka wa Uingereza na Uskoti. Ukuta wote uko ndani ya Uingereza. Magharibi, pale Bowness, Uskoti unaiona kwa macho ng'ambo ya maji. Mashariki mpaka wa leo uko mbali sana kaskazini.

Jambo la kwanza la kushika: ukuta wenyewe ni mstari mmoja tu kati ya kadhaa. Ukisimama uso kaskazini, mbele kabisa kuna handaki lenye umbo la V. Kisha ukuta. Nyuma ya ukuta barabara ya jeshi. Nyuma ya barabara, wakati mwingine mita chache, wakati mwingine mamia ya mita, kuna Vallum: handaki la sakafu bapa lenye upana wa mita 6 na kina cha mita 3, na tuta kila upande. Vallum iko KUSINI, upande wa Warumi wenyewe. Ndiyo iliyofunga eneo la jeshi ili raia, ng'ombe na wezi wapite kwenye vivuko maalumu tu. Asiyeijua huidhani mfereji wa mkulima.

Kila maili ya Kirumi palikuwa na kingome chenye lango, na kati ya kimoja na kingine minara miwili. Vyote vina namba kuanzia mashariki: kingome 37, kisha mnara 37a, mnara 37b, kingome 38, na kuendelea. Ukiona "48a" kwenye kibao, unajua uko wapi kwenye ukuta mzima.

#2 Dira

Ngoja niweke usafiri, maana hapo ndipo siku za watu huharibika.

Reli ya Newcastle–Carlisle inakimbia sambamba na ukuta, lakini chini bondeni. Vituo vya kuvijua ni Hexham, Bardon Mill na Haltwhistle. Newcastle hadi Hexham ni kama dakika 40, hadi Haltwhistle takriban saa moja. Kutoka Haltwhistle hadi ukutani ni kama kilomita 3 za kupanda. Bardon Mill hadi Vindolanda nayo ni kama kilomita 3, na karibu zote ni mlima. Treni si zote husimama Bardon Mill, kwa hiyo soma ratiba ya kituo husika, si ya njia nzima.

Kati ya Hexham na Haltwhistle kuna basi linaloitwa AD122, jina limetokana na mwaka ule ule. Linapita ngome za Chesters na Housesteads, kituo cha wageni cha The Sill, na ngome ya Vindolanda. Hili ni basi la msimu wa kiangazi. Nje ya msimu ratiba hupungua sana au hukosekana kabisa, na hata kiangazi haliji kila nusu saa. Kanuni: andika saa ya basi la MWISHO kabla hujapanda la kwanza. Ukilikosa pale Housesteads, hakuna bodaboda. Teksi unaipigia simu, na mtandao maeneo yale ni wa kubahatisha, kwa hiyo namba za teksi za Haltwhistle na Hexham ziwe mfukoni kwenye karatasi.

Kwa gari, utatumia barabara B6318. Ilijengwa na serikali karne ya 18 baada ya uasi wa mwaka 1745, kwa kuupasua ukuta na kuutandika kuwa msingi. Kwa kilomita nyingi unaendesha juu ya ukuta wenyewe. Imenyooka kama uzi, ila ina mabonde yanayoficha gari linalokuja. Kupita gari jingine kwenye vilele vile ni kujitakia kaburi.

Ramani ya karatasi ya sehemu ya kati ni Ordnance Survey Explorer OL43. Chukua hiyo, simu iwe ya akiba.

#3 MwanaMvita

Kokoto, swali. Kama mtu ana siku moja tu, na kwenye msafara kuna mzee asiyeweza vilima na watoto wawili? Housesteads kila mtu anaitaja lakini nasikia ule mlima si mchezo.

#4 Kokoto

@MwanaMvita hapo jibu ni Chesters, dada, wala usisite.

Housesteads, kutoka maegesho hadi ngomeni ni kama mita 800 za kupanda, dakika 10 hadi 15 kwa mwenye miguu mizima. Ukifika, ngome yenyewe iko kwenye mteremko. Chesters iko kwenye bustani tambarare kando ya mto North Tyne, na maegesho yako mlangoni.

Chesters ilikuwa ngome ya askari wa farasi, Ala II Asturum, kikosi ambacho asili yake ni kaskazini mwa Hispania. Tazama mpangilio: ngome imekaa juu ya mstari wa ukuta, nusu yake imetokeza kaskazini, ili farasi watoke kwa malango matatu makubwa moja kwa moja upande wa adui. Katikati ya makao makuu kuna ngazi zinazoshuka kwenye chumba cha hazina chenye paa la tao la mawe, bado kizima. Ukishuka mtoni kuna hamamu ya askari. Kuta zake zimebaki hadi kama mita 3 kwa sababu udongo wa mlimani uliporomoka ukazifunika. Utaona chumba cha kuvulia nguo chenye vishubaka saba vya tao. Vilitumika kwa nini? Wataalamu bado wanabishana: nguo, au sanamu za miungu.

Usiondoke bila kuvuka. Rudi kwenye daraja la Chollerford, vuka mto, fuata njia ya miguu upande wa pili kama mita 800, utakuta kichwa cha daraja la Kirumi, mawe makubwa yenye mifereji ya vyuma vya kuyafunga. Sehemu hii mzee anaweza kuiacha, ina mawe na matope.

Makumbusho pale mlangoni ilifunguliwa mwaka 1896 na imeachwa vile vile kizamani: mawe yamepangwa rafu juu ya rafu. Mkusanyo ni wa John Clayton (1792–1890), karani wa jiji la Newcastle aliyenunua mashamba kando ya ukuta kipande kwa kipande ili watu waache kubeba mawe. Bila yeye huu uzi ungekuwa mfupi.

#5 Fundi Mawe

Afadhali Clayton ametajwa, kwa sababu ndiye pia chanzo cha mkanganyiko mkubwa. Wengi wanapiga picha ukuta wa karne ya 19 wakidhani ni wa Hadrian.

Kati ya Housesteads na Steel Rigg (maegesho ya magari upande wa magharibi), vibarua wa Clayton waliokota mawe ya uso yaliyoanguka wakayapanga upya bila chokaa, juu wakaweka majani. Mawe ni ya Kirumi, mistari ya chini mara nyingi iko mahali pake, ila huo upangaji si wao. Namna ya kutambua: hakuna chokaa kati ya mawe, na juu pana nyasi. Vipande vilivyokarabatiwa na serikali karne ya 20 vina chokaa na kiini cha mawe madogo kinaonekana juu, hakuna nyasi. Pale Hare Hill, karibu na Banks, kuna kipande kirefu kwenda juu kuliko vyote, karibu mita 3, lakini uso wake ulirudishiwa karne ya 19. Kiini ndicho cha kale.

Jambo la pili ni upana. Mpango wa kwanza ulikuwa ukuta wa futi 10 za Kirumi, kama mita 3. Katikati ya kazi wakaona unakula mawe na muda, wakapunguza hadi mita 2.4 au chini yake. Tatizo ni kwamba misingi mipana ilikuwa tayari imeshachimbwa mbele, na minara kadhaa imeshajengwa na mabawa mapana yakingoja ukuta. Nenda Planetrees, mashariki ya Chollerford: ukuta mpana unakatika ghafla, mwembamba unaendelea juu ya msingi mpana. Kisha Brunton, mnara 26b, uone ukuta mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili wa mnara ule ule. Planetrees haina kiingilio wala mlinzi, na ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuelewa kwamba serikali kubadili mradi katikati hakukuanza leo.

Magharibi ya mto Irthing, ukuta wa kwanza haukuwa wa mawe kabisa. Ulikuwa wa matofali ya udongo wenye nyasi, ukaja kubadilishwa baadaye.

Limestone Corner nako pasikupite. Handaki la kaskazini lilikutana na mwamba mgumu mweusi, wakachoka, wakaacha. Mawe makubwa bado yamelala handakini, moja lina matundu ya kabari juu yake. Inaonekana walitoboa, wakapiga, halikupasuka. Cha kushangaza, Vallum ya pale pale waliimaliza.

Na kama unauliza mawe mengine yalikwenda wapi: makanisa, mashamba, barabara. Chumba cha chini cha kanisa la Hexham, cha karne ya 7, kimejengwa kwa mawe ya Kirumi, mengine yana maandishi. Nyumba ya watawa ya Lanercost vivyo hivyo.

#6 Ramani254

Naongezea matembezi ya majabali, yaani Housesteads hadi Steel Rigg. Ni kama kilomita 5 tu lakini usiidharau: ni kupanda na kushuka mwanzo mwisho. Weka saa mbili na nusu, na kama una watoto weka tatu.

Anzia Housesteads saa 4 asubuhi wakifungua. Ngome kwanza, miguu ikiwa mizima. Mle ndani mambo manne. Vyoo, kona ya kusini-mashariki: mfereji mkubwa ulikuwa chini ya viti, na mbele yake kijifereji cha maji. Tangi la pembeni ni la maji ya mvua, maana ngome haikuwa na mto. Tazama vibao vya mawe vya tangi vilivyounganishwa kwa madini ya risasi na vyuma. Pili, maghala yenye vinguzo vifupi vilivyoinua sakafu ili hewa ipite na nafaka isioze. Tatu, lango la mashariki lina mikwaruzo ya magurudumu kwenye kizingiti. Mtu akikuambia upana wa reli za leo ulitoka hapo, itikia tu, tembea. Nne, ambalo karibu kila mtu analiruka: ndani ya upande wa kaskazini kuna msingi wa mnara 36b. Mnara ulijengwa kwanza, ndipo wakaamua ngome ziletwe ukutani, wakaubomoa na kujenga juu yake. Mabadiliko ya mpango tena, kama alivyosema Fundi.

Toka magharibi. Kipande kifupi kwenye miti pale ndipo mahali pekee njia inapita juu ya ukuta wenyewe. Kwingine kote shuka. Baada yake kingome 37, chenye lango la kaskazini ambalo mawe ya tao yameanza kukunja. Tazama lango hilo linaelekea wapi: ukingo wa jabali. Kanuni ilisema kila kingome kiwe na lango, basi wakaweka.

Rapishaw Gap ndipo watu wanapopotea. Njia ya Pennine Way inakata kulia kwenda kaskazini na alama zake zinafanana na zako. Ukuta ukiwa umeuacha mgongoni, umekosea. Rudi.

Kisha kingome 38, jabali la Highshield juu ya ziwa Crag Lough (mbali na ukingo, upepo wa pale ni wa kusukuma mtu mzima), Sycamore Gap, kingome 39, halafu Peel Crags. Mteremko wa mwisho ni ngazi za mawe zilizosimama. Zikilowa zinateleza kama sabuni. Ndiyo maana wenye magoti mabovu wafanye kinyume, waanzie Steel Rigg, ngazi wazipande badala ya kuzishuka.

Kutoka Steel Rigg shuka barabarani hadi The Sill, pana choo, chakula na kituo cha basi. Kati ya Housesteads na hapo hakuna bomba wala duka. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu.

#7 Kipwepwe

Kuhusu Sycamore Gap, kwa wanaopanga safari kwa ajili ya ule mti maarufu uliosimama peke yake bondeni: haupo. Ulikatwa usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023, ukaangukia ukuta na kuharibu baadhi ya mawe. Wanaume wawili walihukumiwa mwaka 2025, miaka 4 na miezi 3 kila mmoja. Kisiki kimezungushiwa uzio na kimechipua. Bonde lenyewe bado lina sura yake, lakini picha za mitandaoni zenye mti ni za zamani, msije mkalaumu waongozaji.

#8 Karani wa Kambi

Mbona Vindolanda imetajwa kwa kupita? Kwa mtu anayetaka kuwajua askari, hiyo ndiyo namba moja.

Vindolanda haiko ukutani. Iko kusini yake, karibu kilomita 2, kwenye barabara ya Stanegate, na ni kongwe kuliko ukuta: ngome ya kwanza ya mbao ni ya miaka ya 80 baada ya Kristo. Zilijengwa ngome tisa, moja juu ya nyingine. Kila zilipobomolewa za mbao, walifunika mabaki kwa udongo wa mfinyanzi na nyasi, hewa ikakosa njia. Bila hewa bakteria hawafanyi kazi yao, ndiyo maana kuna ngozi, mbao na nguo. Viatu peke yake vimezidi 5,000. Kuna glavu za ngumi, kuna kiti cha choo cha mbao.

Mwaka 1973 mwanaakiolojia Robin Birley alikuta vibao vya kwanza vya maandishi. Kimoja ni cha Claudia Severa, kama mwaka 100, akimwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa mkuu wa kikosi cha tisa cha Wabatavi, aje kwenye siku yake ya kuzaliwa tarehe 11 Septemba. Barua iliandikwa na karani, ila salamu za mwisho ni mkono wake mwenyewe. Kingine ni orodha ya vitu mtu alivyotumiwa: soksi, makubazi jozi mbili na nguo mbili za ndani. Baridi ni baridi.

Lakini kinachofaa kusomwa kabla ya kutembelea ngome yoyote ni ripoti ya idadi ya kikosi cha kwanza cha Watungri. Jumla 752. Wasiokuwepo 456, wametumwa kwingine. Waliopo 296, kati yao wagonjwa 15, majeruhi 6, na 10 wanaumwa macho. Wanaoweza kazi 265. Basi ukiambiwa Housesteads ilikuwa ya askari 800, jua hiyo ni hesabu ya mabweni.

Mambo ya kiutendaji. Weka saa 3 hadi 4. Anza na magofu kabla ya makumbusho, maana makumbusho iko chini bondeni na kurudi juu kunachosha. Wachimbaji huwa kazini takriban Aprili hadi Septemba, siku za kazi, na unaweza kusimama pembeni kuwauliza. Nafasi za kujitolea kuchimba zipo ila hujaa mapema mno. Vibao vingi viko British Museum, London. Pale Vindolanda vimewekwa vichache kwenye chumba maalumu chenye mwanga hafifu.

Kosa la kawaida: Vindolanda ni ya taasisi yake binafsi. Uanachama wa English Heritage (shirika linalotunza magofu) unaokuingiza bure Chesters, Housesteads na Birdoswald hapa haukuingizi. Nunua tiketi ya pamoja na Roman Army Museum, iliyo kando ya ngome ya Magna, kama unafika kote kuwili.

#9 Fundi Mawe

Kidogo tu, Karani, kwa sababu watu huchanganya: vile vibao si magome wala ngozi. Ni vipande vyembamba vya mti wenyewe, hasa miti ya birch na alda ya pale pale, unene milimita 1 hadi 3, ukubwa wa kadi ya posta, vikaandikwa kwa wino wa masizi na kukunjwa katikati. Vibao vya nta vilikuwepo pia, hivyo ni vinene na nta yake imepotea. Hubaki mikwaruzo ya kalamu ya chuma kwenye mbao, moja juu ya nyingine. Kusoma hivyo ni adhabu.

#10 Zuu

Naona hakuna aliyegusa Afrika, na ipo mle mle.

Burgh-by-Sands, magharibi ya Carlisle, ngome yake iliitwa Aballava. Karne ya 3 ilikuwa na kikosi cha Numerus Maurorum Aurelianorum, yaani Wamauri, watu wa Mauretania. Hiyo si nchi ya Mauritania ya leo. Ni kaskazini mwa Moroko na Aljeria. Kipo kwenye maandishi ya madhabahu iliyopatikana jirani, Beaumont. Kijijini hakuna magofu ya kuona, tuseme ukweli: kanisa limejengwa kwa mawe ya ngome, basi.

South Shields, ngome ya Arbeia, kuna jiwe la kaburi la Victor, "natione Maurum", aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, amefariki na miaka 20. Aliyelisimamisha ni Numerianus, askari wa farasi. Humo humo lipo jiwe la Regina, mwanamke wa kabila la kusini mwa Uingereza, aliyezikwa na mumewe Barates kutoka Palmyra, Syria. Chini ya Kilatini mume ameandika mstari kwa lugha ya kwao.

Na juu kabisa: Kaizari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya, alikuja na jeshi mwaka 208, akafia York mwaka 211. Kabla yake, gavana aliyesimamia ule ukuta mwingine wa kaskazini, wa Antoninus, ni Quintus Lollius Urbicus, mtu wa Tiddis, Aljeria.

Kufika Arbeia na Segedunum (ngome ya Wallsend) kwa siku moja: treni za Metro kutoka Newcastle hadi Wallsend, ambako kituo kina vibao vya Kilatini. Panda mnara wa mita 35 uione ngome nzima kutoka juu. Mabweni ya pale ndiyo yaliyothibitisha kwamba wapanda farasi walilala nyumba moja na farasi wao, farasi watatu chumba cha mbele chenye shimo la mkojo, watu watatu cha nyuma. Kisha Metro hadi North Shields, feri ya dakika chache, uko South Shields. Lango lililojengwa upya pale Arbeia linakupa kimo halisi, kitu ambacho magofu hayawezi. Angalia tarehe za kufungua, Arbeia hufunga majira ya baridi.

#11 Karani wa Kambi

Kwa wanaopenda kusoma mawe wenyewe, herufi hizi zinatosha kwa asilimia kubwa ya mtakayoyaona:

D M juu ya jiwe: ni kaburi, "kwa roho za marehemu".
I O M: madhabahu ya mungu Jupita.
V S L M mwishoni: aliyeweka ametimiza nadhiri, kwa hiari na inavyostahili.
COH: kohoti, kikosi cha miguu. ALA: wapanda farasi. LEG: lejioni.
C iliyogeuzwa au alama kama >, ikifuatwa na jina: kundi la askari 80 chini ya akida huyo ndilo lililojenga kipande hicho. Ni risiti ya fundi.

Mazoezi yafanyieni Great North Museum, Newcastle, kuingia ni bure. Jiwe la kingome 38 lipo humo, lina jina la Hadrian na la Nepos pamoja. Na zile madhabahu tatu za hekalu la mungu Mithras pale ngome ya Carrawburgh mnazozipiga picha ni nakala; za asili ziko humo. Hekalu lenyewe bado ni la kufika, ni dakika chache kutoka maegesho, ila limejengwa kinamasi na mvua ikinyesha unasimama kwenye maji. Viatu visivyopitisha maji, si raba.

#12 Dira

Kuna anayetaka kutembea ukuta wote. Njia rasmi ilifunguliwa mwaka 2003, ina kilomita 135, siku 6 hadi 8. Kuna pasi ya kugonga mihuri saba njiani, masanduku huwekwa kati ya 1 Mei na 31 Oktoba. Si kwa bahati: majira ya baridi udongo umelowa, na miguu mingi inakata nyasi zinazolinda mabaki chini. Kwa sababu hiyo hiyo wanaomba watu watembee ubavu kwa ubavu badala ya kufuatana kwenye mstari mmoja. Kinyume na tulivyozoea porini.

Mwelekeo: upepo mkuu hutoka magharibi, kwa hiyo anayeanzia Bowness anausikia mgongoni.

#13 Kokoto

@Dira hapo tutofautiane. Anayeanzia Wallsend anafuata namba, anafuata wajenzi, na siku mbili za kwanza za mjini na barabarani anazimaliza mapema. Ukianzia magharibi unamalizia kwenye viwanda vya Newcastle. Upepo ni koti tu.

#14 Dira

Mvua ya usoni siku saba utaiita koti pia? Haya, kila mtu na uso wake.

Tahadhari nilizobakiza. Kati ya Dykesfield na Drumburgh barabara hufunikwa na maji ya bahari wakati wa bamvua. Watu wa pwani mnalijua hili: soma majedwali ya maji, usiwe hapo saa moja kabla wala saa moja baada ya kujaa. Mabango pembeni yanaonyesha kina.

Ng'ombe wenye ndama, Mei na Juni: zunguka mbali, usipite katikati ya mama na mtoto. Mbwa afungwe kamba. Kupe wapo kwenye nyasi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi. Kipima metali bila kibali kwenye eneo lililolindwa ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1979, na kuokota hata kigae ni wizi tu.

#15 MwanaMvita

Nimekusanya. La mwisho: picha. Vallum naiona kwenye ramani lakini kwenye picha za watu haionekani.

#16 Ramani254

Kwa sababu wanapiga saa sita mchana. Tuta linaonekana kwa kivuli. Nenda Cawfields, kingome 42, panda juu ya ukuta uliko mwinuko, geuka kusini jua likiwa chini, asubuhi mapema au saa mbili kabla halijazama. Vallum itatokea mstari mmoja hadi mbali. Panda mlima namaanisha, si ukuta.

#17 Fundi Mawe

Na ukiwa hapo Cawfields angalia magharibi, uone ukuta unavyofika ukingo wa bwawa ukaishia hewani. Hilo bwawa ni shimo la machimbo ya mawe.

Kwa ngome ya Birdoswald, fupi: anzia Gilsland kijijini, usiende na gari hadi mlangoni. Kwa miguu unapita kingome 48 chenye ngazi za chini zilizobaki, ambazo wataalamu walizitumia kukadiria kimo cha ukuta. Minara 48a na 48b. Kisha kichwa cha daraja la Willowford kilichosimama nchi kavu, kwa kuwa mto umehama. Vuka daraja la miguu, panda hadi kingome 49, na kutoka hapo ukuta unakupeleka bila kukatika hadi ngomeni. Kwenye mawe ya uso upande wa kusini tafuta nakshi ya uume, ya kuzuia kijicho. Vidole visiguse, mchongo umeshalika.